Meno ya Nta

Upande wa kushoto wa taya langu ulizaliwa mguuni. Daktari aliukata kutoka kwenye ule mfupa mwembamba unaoambatana na muundi, akaukunja mara mbili ufuate umbo la uso, akaufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Pale mbele ya sikio, taya linapokutana na fuvu, akaweka kiungo kilichotengenezwa kiwandani, chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Mume wangu, ambaye ni seremala, aliomba aone picha. Akaitazama sana, akaigeuza juu chini, kisha akauliza, "Daktari, hii si bawaba?" Daktari akacheka, akakubali kwamba ni bawaba. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna asemaye "kiungo bandia". Ni bawaba tu, na kila nikiamka mume wangu huniuliza kama imelala salama au inataka mafuta.

Nayasema haya mapema ili pasiwe na mtu wa kunionea huruma katikati ya hadithi. Uvimbe ulioota ndani ya taya haukuniuma. Ulikua kwa miaka, kimyakimya, ukayalegeza meno moja baada ya jingine, na nilipokata shauri kwenda hospitali ulikuwa umeshaumumunya mfupa hadi kwenye kiungo. Daktari alisema si ule wa kusambaa mwilini, lakini ni king'ang'anizi, ukiuachia hata mzizi utarudi. Wakaondoa nusu ya taya la chini pamoja na meno tisa, yale ya mbele yakiwemo. Nilizinduka nikiwa hai na nikiwa na hasira, na wiki zile za mwanzo hasira ilinisaidia kuliko dawa nyingi nilizopewa.

Waliokuja kunitazama walikuwa na wimbo mmoja: pole, umepona, sauti si kitu. Sijui kama wangemwambia mshona viatu kwamba mikono si kitu. Mimi ni mtangazaji wa stesheni ya treni. Kwa miaka mingi nimekaa katika chumba cha ghorofani kilichoezekwa bati, juu ya reli, nikiwaambia watu treni ipi inaingia jukwaa lipi, nani asogee nyuma ya mstari, na mtoto wa nani anamlilia mama yake kwenye dirisha la tiketi. Watu wa mji huu hawakuijua sura yangu, waliijua sauti. Watoto wakicheza treni mitaani, mmoja aliziba pua na kutangaza kama mimi, na wenzake wakamwita Mama Treni. Nilikuwa napita hapohapo na kikapu changu, nikicheka peke yangu.

Baada ya upasuaji, mdomo wa chini upande wa kushoto ulikufa ganzi. Mate yalinitoka bila kuniaga. Hewa ilipita palipokuwa na meno ikitoa mluzi, na maneno mepesi ambayo mtu huyasema usingizini yakawa milima. Anayedhani natia chumvi ashike mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, kisha aseme "abiria wa treni ya saa sita". Humu nitaandika maneno yangu kama nilivyokusudia yasikike, si kama yalivyosikika. Anayetaka kunicheka atafute njia nyingine.

Bawaba nayo ilikuwa na masharti. Daktari, mwanamke mfupi mwenye vidole vyembamba, alinipa fungu la vijiti bapa vya mbao, kama vile vya kushikia aiskrimu. Nilitakiwa kuvipanga pamoja na kuvisukuma katikati ya meno yaliyobaki upande wa kulia, nivumilie, nipumzike, kisha niongeze kimoja. "Usipoufungua huo mdomo kwa lazima, makovu yataufunga kwa hiari," aliniambia. Nilifanya hivyo kila siku, mbele ya kioo, machozi yakinichuruzika mpaka shingoni. Niliumia, nami siwezi kulitafutia neno zuri zaidi. Shangazi wa mume wangu alinikuta katika hali hiyo siku moja, akashika kichwa. "Mwacheni jamani apumzike! Mnamtesa kwa ajili ya nini? Jino la pembe si dawa ya pengo." Nikavitoa vijiti mdomoni, nikamwambia kwamba aliyeitunga methali hiyo alikuwa na meno yake yote. Hakunielewa hata neno moja. Mume wangu ndiye aliyemfasiria, naye akayalainisha kidogo.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro, ingawa kwa wakati ule sikuiona. Nilikuwa shujaa wa ndani ya nyumba. Nikivuka kizingiti, nilijitanda mtandio hadi puani, nikawa bubu. Dukani nilionyesha kwa kidole. Simu ikilia, alipokea mume wangu. Jirani akinisalimu, niliinamisha kichwa, na mume wangu akamjibu kwamba hatujambo. Nilikuwa nimejiapia kwamba hakuna atakayenisikia mpaka meno yawe tayari na sauti yangu irudi ile ile. Niliuita huo msimamo. Mtu huweza kuita jambo jina lolote akiwa peke yake.

*

Fundi wa meno bandia alikuwa na chumba nyuma ya hospitali, kilichonukia nta na plasta mbichi. Rafu zilijaa mataya meupe ya watu wasiojuana, yamepangwa yakitazamana, na mwenyewe alizoea kuyasogeza kwa upole kila alipopita, kama mtu anayewaweka sawa wageni kwenye benchi. Siku aliyoniita nijaribu meno, mume wangu alikuja nami, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Haya hapa," alisema fundi, akayatoa kwenye bakuli la maji ya baridi. Meno tisa, yamepangwa juu ya ufizi wa nta ya rangi ya waridi, na waya mdogo wa kuyashikilia kwenye meno yangu. "Lakini tuelewane, mama. Haya si meno. Haya ni mfano wa meno. Nayaangalia yanavyokutana na ya juu, nayatoa, nayarekebisha, ndipo nayapika kwenye plastiki ngumu. Nta haipendi joto, na mdomo ni jiko. Ukikaa nayo sana yanaanza kutembea."

Akaniegemeza kwenye kiti na kunivalisha. Ulimi wangu ulikwenda kuyagusa wenyewe, haraka, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba alichokizoea. Palikuwa na ukuta pale, baada ya miezi ya uwazi.

"Uma taratibu," alisema fundi. "Tena. Kulia. Kushoto. Safi kabisa."

"Niinue nikae," nikamwambia.

"Bado napima, mama."

"Unapima kuuma. Nyama mimi nitaikatakata kwa kisu. Niinue nikae, nataka nijue yanasemaje."

Alinitazama, akamtazama mume wangu kuuliza kama nina akili timamu, kisha akaninyanyua. Nikavuta pumzi kutoka tumboni, kama nilivyofundishwa nikiwa msichana, nikasema taratibu, "Abiria wa treni ya saa sita." Sauti ilitoka na kukaa mahali pake. Mdomo wa chini ulichechemea, ndiyo, lakini ule mluzi haukuwepo. Nikarudia. Nililia, na sikuona haya kulia mbele ya fundi, ambaye alijitia kutafuta koleo lake droo baada ya droo.

Nilipogeuka, nikakuta mume wangu ameelekea ukutani.

"Na wewe unalia nini?" nikamuuliza.

"Silii."

"Hebu nitazame."

Akageuka. Naujua uso huo. Ni ule anaouvaa akipasua ubao wa mteja vibaya na mteja anagonga mlango.

"Mkuu wa stesheni alipiga simu," alisema. "Wiki iliyopita. Wanataka kiti chako akikalie yule binti wa tiketi anayekushikia nafasi, moja kwa moja. Wewe wanakupa chumba cha mizigo iliyopotea. Majina yanapelekwa makao makuu leo jioni."

"Ukamwambiaje?"

Akaizungusha kofia mkononi. "Nikamwambia utakubali."

Fundi aliacha kutafuta koleo.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Lakini mke wangu, tangu utoke hospitali hujamwambia hata muuza mkate neno. Mimi ndiye ninayesema. Simu nasema mimi, barabarani nasema mimi, kwa shangazi nasema mimi. Nilidhani na hili unataka niseme mimi. Nikaona kule kwenye mizigo hakuna wa kukusemesha. Utapumzika."

Nilitaka kumrarua. Nilikuwa na maneno, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na meno ya kuyasemea, lakini kila nililolishika liligeuka na kunitazama mimi. Nani aliyemfundisha kunisemea? Nani aliyemkabidhi simu, siku baada ya siku, kwa kunyoosha mkono tu? Sikumsamehe papo hapo, mimi si malaika. Ila nilijua kwamba nikimfokea yeye nitakuwa nimeifokea nusu tu ya kosa.

Nikashuka kitini.

"Mama," fundi akasema, "unakwenda wapi na meno yangu?"

"Kazini."

"Hapana! Meno ya nta hayatoki mlangoni. Hayajawahi kutoka. Nipe wiki mbili, nitakupa ya kudumu, ukatangaze mpaka uchoke."

"Wiki mbili zijazo nitakuwa nahesabu miavuli."

"Jua la nje hilo! Yatayeyuka! Kazi yangu yote!"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikasikia akisonya, kisha nyayo zake zikinifuata. Nilidhani atanipokonya. Badala yake alimsukumia mume wangu lile bakuli la maji ya baridi, akiwa ameshatia ndani yake vipande vya barafu. "Basi angalau ayachovye kila mara," alimwambia kwa hasira. "Na asinywe chai. Mama, usinywe chai!"

*

Kwenda stesheni kutoka hospitali ni kukata mtaa wa mafundi magari, kupita mbele ya maduka ya nguo, kisha kuteremka kwenye barabara ya mawe inayoelekea kwenye reli. Jua lilikuwa utosini. Mimi nilitangulia, mguu uliotoa mfupa ukinichechemesha kidogo kama kawaida yake, na mume wangu nyuma, bakuli mikononi, akitembea kwa uangalifu maji yasimwagike.

Mara ya kwanza ya kuyachovya, niliingia nyuma ya lori bovu, nikageukia ukuta, nikafunua mtandio, nikayatoa haraka, nikayarudisha. Mara ya pili nilitafuta kichochoro. Mara ya tatu tulikuwa mbele ya maduka ya nguo, hapakuwa na lori wala kichochoro, na ulimi wangu ulikuwa umeshahisi jino moja likicheza. Nta haikuwa na muda wa kungoja aibu yangu iishe. Nikasimama palepale, katikati ya watu, nikateremsha mtandio shingoni, nikayatoa meno na kuyatia majini. Kidevu changu kilichopinda, kovu linaloshuka hadi shingoni, mdomo ulioporomoka upande mmoja, vyote nje, juani. Mwanamke aliyekuwa akichagua kitambaa alinitazama, akatazama bakuli, akarudia kitambaa chake. Mwanamume mmoja alinikodolea macho mpaka akajikwaa. Dunia haikufanya zaidi ya hapo.

"Maji yanapata moto," alisema mume wangu, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza njiani.

Nikauvua mtandio, nikalifunika bakuli.

Kwenye kona ya kuteremka tukakutana na yule muuza mkate wetu, baiskeli mkononi. Alimsalimu mume wangu kama ilivyokuwa desturi, akauliza, "Na shemeji anaendeleaje?" Mimi nimesimama hapo, si zaidi ya hatua mbili. Nikayarudisha meno mdomoni yakidondosha maji.

"Shemeji anaendelea vizuri," nikamwambia. "Ila mkate wako wa siku hizi mgumu. Mtu mwenye nusu ya taya anaula vipi?"

Baiskeli ilimponyoka. Alicheka mpaka akainama, kisha akaniambia atanichagulia laini mwenyewe, na alilisema hilo kwangu. Tulipoachana naye nilijiona kama nimebeba kitu kizito nikakitua.

*

Mkuu wa stesheni alikuwa mtu mwema, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kupambana naye. Mtu mbaya unamjua pa kumshika. Alinipokea kwa mikono miwili, akanivutia kiti, akanisemesha polepole na kwa sauti ya juu.

"KA-RI-BU SA-NA, DADA. TU-ME-KU-OMBEA."

"Mkuu, walinikata taya," nikasema. "Masikio waliniachia."

Akaona haya, akashusha sauti. Akanieleza kwamba chumba cha mizigo iliyopotea ni kazi ya heshima, nyepesi, mshahara haupungui, hakuna wa kunisumbua. Nikamjibu kwamba najua, mabegi hayana neno. Akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu, akasema jambo la kweli.

"Dada, mimi nawajibika kwa watu wale chini. Mtu asipokusikia vizuri, akavuka reli mahali pasipo pake, nitamwambia nini mama yake? Sikatai wewe ni hodari. Naogopa."

Hoja hiyo haikuwa ya kuidharau. Nami ningekuwa yeye ningeogopa. "Basi nisikilize kwanza," nikamwambia. "Ukiwa hunielewi, nitakwenda kwenye mabegi kwa miguu yangu, huu mzima na huu uliopunjwa."

Tukapanda chumba cha matangazo. Bati lilikuwa limewaka, na feni ilikuwa ikizungusha joto lile lile. Yule binti wa tiketi alikuwa kitini. Aliponiona alisimama wima, akanisalimu kwa adabu, akabaki ameshika mgongo wa kiti.

"Karibu kitini kwako, dada," alisema. Halafu, baada ya kusita, "Sitakudanganya. Nimeipenda kazi hii. Usiku naota natangaza."

"Usinidanganye," nikamwambia. "Hata mimi naota."

Nikakaa. Kile kiti kilikuwa bado kinalalia upande wa kushoto. Mbele yangu dirisha pana, na chini yake majukwaa matatu, daraja la chuma la kuvukia, na jukwaa la pili limefurika watu wa treni ya mchana pamoja na mizigo yao. Barafu ya bakuli ilikuwa imekwisha kitambo. Nilihisi nta imekuwa laini kwenye ufizi, kama mkate uliolowekwa, lakini sikumwambia mtu.

Mkuu alitaka nisome tangazo huku kipaza sauti kimezimwa. Nikamwambia hilo si jaribio, hilo ni sala. Tulikuwa bado tunabishana simu ya ukutani ilipolia. Binti akaipokea, akasikiliza, na uso ukambadilika.

"Mtu wa ishara," alisema. "Behewa la mizigo limekwama reli ya pili. Treni ya mchana anaiingiza reli ya tatu. Imeshapita daraja la mto."

Sisi watatu wa stesheni tulijua maana yake. Watu wale wakiiona treni inaingia jukwaa jingine, hawatapanda daraja. Watarukia relini na mabegi yao, na watoto wao, wakate njia ya mkato mbele ya kichwa cha treni. Tumewahi kuona.

"Binti, tangaza!" alisema mkuu.

Mkono wa binti ulikuja juu ya bega langu kuelekea kwenye kitufe. Wangu ulikuwa karibu zaidi, nikabonyeza.

Nilisema tangazo lote, kama linavyosemwa tangu enzi za walionitangulia: abiria, tafadhali, mnaarifiwa, kutokana na sababu zisizozuilika. Katikati ya "kutokana" meno yalitembea. Safu nzima iliteleza mbele, ikauvaa ulimi, na kilichotoka kwenye vipaza sauti vya jukwaani kilikuwa povu. Nikaona vichwa vikiinuka kule chini. Kijana mmoja akamgonga mwenzake kwa kiwiko, wakacheka. Hakuna aliyenyanyua hata mfuko.

"Basi, dada," mkuu alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kicheko. "Basi. Umejaribu."

Niliyatoa mdomoni, yakiwa yamepindapinda, nikayaweka kwenye kiganja cha mume wangu bila kumtazama. Hewa ikaingia palipokuwa na ukuta. Mluzi ulikuwa unaningoja, mate yalikuwa yananingoja, kila kitu nilichokificha miezi yote hiyo kilikuwa pale, na mbele yangu kipaza sauti kinachokwenda kwenye masikio ya watu mia kadhaa. Niliogopa kuliko siku ya upasuaji. Siku ile angalau walinilaza usingizi.

Nikabonyeza.

Sikusema tafadhali, wala sikusema abiria. Nilichagua maneno ambayo mdomo wangu ulikuwa bado unayamudu, nikayaweka moja moja, na kati ya moja na jingine nikaacha nafasi. "Treni. Jukwaa la tatu. Treni, jukwaa la tatu. Njia ni darajani. Reli haikanyagwi."

Sauti iliondoka kwangu, ikazunguka majukwaa, ikanirudia kutoka kwenye vipaza sauti, na hapo nikaisikia kwa mara ya kwanza kama wanavyoisikia wengine. Ilikuwa nzito, imelowa, na ina filimbi ndani yake. Ilikuwa mbaya, sitaki kuipamba. Haikufanana na Mama Treni hata kidogo. Nikaimeza, nikarudia. "Treni, jukwaa la tatu. Njia ni darajani."

Chini hakuna aliyesogea. Halafu mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekalia furushi lake, akainamisha kichwa upande, vile mtu anavyomtegea sikio mgonjwa. Akainuka. Akamwonyesha wa jirani yake vidole vitatu. Wa jirani akamnyanyua mtoto begani. Akafuata mwenye sanduku, kisha wenye sanduku wawili, na ghafla jukwaa zima likaanza kuelekea kwenye ngazi za daraja, likilalamika, likisukumana, likiitana.

Wale vijana wawili tu ndio waliobaki, mmoja amekaa ukingoni miguu inaning'inia relini, anaipima njia ya mkato. Honi ya treni ilisikika kwenye kona.

"Wewe wa shati la kijani," nikamwambia mbele ya stesheni nzima. "Toa miguu hiyo. Mguu una kazi nyingi kuliko unavyojua."

Alishtuka kama amepigwa kofi, akatazama juu kutafuta aliyemwona. Darajani watu waliangua kicheko, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. Akavuta miguu, akabeba begi lake, akakimbia ngazi, mwenzake nyuma yake.

Treni ikaingia jukwaa la tatu. Breki zililia, moshi ukapanda mpaka dirishani. Relini hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilijifuta kidevu kwa kiganja. Binti alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili, na sikujua kama anafurahi au anakiaga kiti. Huenda hata yeye hakujua.

Mkuu alisimama dirishani mpaka mtu wa mwisho akashuka darajani. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akaikunjua karatasi ya majina ya kupelekwa makao makuu, akamgeukia mume wangu, kama alivyozoea, kama wote walivyozoea.

"Haya, ndugu yangu," alisema. "Sasa niandike nini?"

Mume wangu alikuwa bado amekinga kiganja, meno tisa yamemlalia mkononi juu ya nta iliyolegea, maji yakimdondoka kwenye viatu. Alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta lile jibu la upole ambalo amekuwa akinitolea kila mahali. Akaufunga. Akasogea ukutani, ili pasiwe na mtu kati yangu na mkuu.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Huyo hapo."

Mkuu akanigeukia na kalamu yake. Nikamwinulia kidole angoje kidogo, kwa sababu chini milango ilikuwa imefunguka, watu walikuwa wamesimama na mizigo yao wakitazama juu, na hakuna aliyejua behewa lake ni lipi.